Ukuaji wa Uchumi Afrika: Matumaini, Hatari na Somo la Kahawa ya Kilimanjaro

Na Mwandishi Wetu, Machame – Hai
Agosti, 2025

SHIRIKA la Fedha la Kimataifa (IMF) mwishoni mwa mwezi Julai, 2025 lilitoa makadirio mapya ya uchumi wa dunia yanayoonesha kuwa nchi za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara zitakua kwa wastani wa asilimia 4.0 mwaka huu na asilimia 4.3 mwaka 2026. Makadirio hayo ni ya juu kidogo kuliko yale ya mwezi Aprili, ambayo yalikuwa asilimia 3.8 na asilimia 4.2 mtawalia. Kwa kuwa uchumi wa dunia kwa ujumla ulitarajiwa kukua kwa asilimia 3.0 mwaka 2025, ni dhahiri kuwa ukanda wetu ulitarajiwa kwenda kwa kasi kuliko wastani wa dunia.

Takwimu hizo zimetoka wakati wakulima wa Machame, Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, wakianza msimu mpya wa kuvuna kahawa. Mwezi Februari mwaka huu bei ya kahawa aina ya Arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 za Marekani kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa. Kufikia mwezi Julai bei hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 3. Kwa maneno mengine, takriban robo ya thamani ya zao ilikuwa imeondoka sokoni kabla tunda halijaiva mtini, na mkulima hakuwa amekosea jambo lolote shambani mwake.

Habari hizi mbili, ya makadirio ya IMF na ya bei ya kahawa, zinapaswa kusomwa pamoja. Sehemu ya ukuaji unaoonekana leo katika nchi nyingi za Afrika inatokana na bei nzuri za bidhaa ambazo bei zake hazipangwi Afrika. Swali la msingi kwa Serikali, kwa vyama vya ushirika na kwa kila kaya ni hili: tunazitumiaje faida za bei nzuri kabla bei hazijageuka? Miteremko ya Mlima Kilimanjaro imewahi kuulizwa swali hilo, na jibu lililotolewa wakati ule lina mafunzo kwa taifa na kwa ukanda mzima.

Picha ya ukanda kwa takwimu

Wastani wa asilimia 4.0 unaficha tofauti kubwa. Nchi mbili zenye uchumi mkubwa zaidi kusini mwa Sahara zinakwenda polepole: mwezi Julai 2025 IMF ilikadiria Nigeria ingekua kwa asilimia 3.4 na Afrika Kusini kwa asilimia 1.0 tu mwaka huo. Nchi kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwemo Rwanda, Uganda na Ethiopia, ziko juu ya wastani wa ukanda.

Tanzania ni miongoni mwa nchi hizo. Pato la Taifa lilikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024 ikilinganishwa na asilimia 5.1 mwaka 2023, na Serikali ilitarajia ukuaji wa asilimia 6.0 mwaka 2025, kama ilivyoelezwa bungeni mwezi Juni 2025 wakati wa kuwasilisha Bajeti ya mwaka 2025/26 yenye thamani ya Shilingi trilioni 56.49. Mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 3.1 mwaka 2024, kiwango kilicho ndani ya lengo la asilimia 3 hadi 5.

Hata hivyo, ukuaji wa uchumi wa nchi si sawa na ukuaji wa kipato cha mtu mmoja. Idadi ya watu kusini mwa Sahara inaongezeka kwa takriban asilimia 2.5 kila mwaka. Ukiondoa ongezeko hilo katika ukuaji wa asilimia 4.0, kinachobaki kwa kila mtu ni karibu asilimia 1.5. Kwa kasi hiyo, kipato cha mtu wa kawaida kitachukua takriban miaka 47 kuongezeka mara mbili.

Kwa Tanzania hesabu ni nafuu zaidi lakini bado inahitaji kutafakariwa. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa idadi ya watu, iliyofikia 61,741,120, inaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Uchumi ukikua kwa asilimia 6.0, kila mtu anabakiwa na ongezeko la asilimia 2.8, na kipato kitaongezeka mara mbili baada ya miaka 25. Kasi hiyo ikipungua kwa asilimia 1 tu, muda unasogea hadi karibu miaka 40. Hii ndiyo sababu hatari zinazoweza kupunguza ukuaji kwa nukta chache si jambo la wataalamu wa takwimu peke yao. Nukta hizo ni tofauti kati ya mzazi atakayeyaona mabadiliko akiwa na nguvu zake na yule atakayesimuliwa uzeeni.

Kilimanjaro na gharama ya kutegemea bei

Historia ya kahawa katika mkoa huu inafahamika vyema. Mwaka 1925 wakulima wenyeji walianzisha chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU, ambacho ni miongoni mwa vyama vya ushirika vya wakulima vikongwe zaidi barani Afrika. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa Lyamungo, jirani na Machame, mahali ambapo leo ni makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI). Kwa miongo kadhaa fedha za kahawa zililipa ada za shule, zikajenga nyumba za kudumu na kugharamia matibabu. Kizazi kizima cha wasomi wa mkoa huu kilisomeshwa na mibuni.

Mfumo huo ulisimama juu ya nguzo mbili: zao lenyewe, na mkataba wa kimataifa wa kahawa uliogawa mgawo wa mauzo kwa kila nchi ili kuzuia bei isiporomoke. Mwezi Julai 1989 nchi wanachama zilishindwa kukubaliana na mgawo ukasitishwa. Ndani ya miezi michache bei ya dunia ilishuka kwa karibu nusu. Ilipofika mwaka 2001 bei ilikuwa imeanguka hadi kiwango cha chini kabisa kwa miongo kadhaa.

Anguko hilo liliikuta Kilimanjaro ikiwa haijajiandaa. Mibuni mingi ilikuwa ya zamani na ilishambuliwa na ugonjwa wa chulebuni pamoja na kutu ya majani, na pembejeo zilikuwa ghali. Fursa ya kuifanya upya ilikuwapo kabla. Mwaka 1977 bei ya kahawa ilipanda sana kufuatia baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975. Lakini vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976 na kurejeshwa katika miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya faida ya miaka ile ya neema haikurudi shambani. Miti iliendelea kuzeeka wakati fedha zilipokuwapo, na fedha zilipotoweka hapakuwa tena na uwezo wa kuibadilisha.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Kaya nyingi ziling'oa mibuni na kupanda mahindi, nyanya na mboga, au kuacha migomba peke yake. Mikoa ya Kagera, Ruvuma, Songwe na Mbeya ikachukua nafasi kubwa zaidi katika uzalishaji wa kahawa nchini. Vijana wakaendelea kuhamia mijini. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ya mwaka 2022, idadi ya watu nchini iliongezeka kwa asilimia 37, lakini ya Mkoa wa Kilimanjaro ilitoka 1,640,087 hadi 1,861,934, sawa na ongezeko la asilimia 13.5. Kahawa si sababu pekee ya hali hiyo; uhaba wa ardhi na mwamko wa elimu vina nafasi yake. Lakini kipato cha kahawa kilipopungua, kijana alikosa sababu mojawapo kubwa ya kubaki kihambani.

Somo la msingi hapa linahusu wakati. Kila mtu aliumizwa na anguko la mwaka 1989, lakini uwezo wa kulihimili uliamuliwa miaka 12 kabla yake, wakati bei ilipokuwa juu. Afrika leo iko katika kipindi kinachofanana na hicho kwa baadhi ya bidhaa zake.

Hatari tano zinazoukabili ukanda

Hatari ya kwanza ni bei yenyewe. Dhahabu, ambayo inaongoza kwa kuiingizia Tanzania fedha za kigeni kati ya bidhaa zinazouzwa nje, ilivuka dola 3,000 kwa wakia mwezi Machi mwaka huu. Ghana na nchi nyingine zenye dhahabu zinanufaika vilevile. Kahawa imezinufaisha Ethiopia, Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi na Tanzania. Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa kupanda kwa bei ya kahawa kulitokana kwa sehemu kubwa na ukame nchini Brazil na Vietnam. Mavuno ya nchi hizo yakirejea katika hali ya kawaida, bei itashuka, na kushuka huko kulionekana kufikia Julai 2025.

Hatari ya pili ni mabadiliko ya masharti ya biashara. Tarehe 7 Agosti, 2025 viwango vipya vya ushuru vya Marekani vilianza kutumika: asilimia 10 kwa bidhaa za Tanzania na Kenya, asilimia 15 kwa Uganda na asilimia 30 kwa Afrika Kusini. Wakati huohuo Mpango wa Ukuaji wa Uchumi na Fursa kwa Afrika (AGOA), ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru tangu mwaka 2000, ulikuwa umepangwa kufikia kikomo tarehe 30 Septemba, 2025. Mwaka 2025 Brazil iliwekewa ushuru wa asilimia 50, na walikuwapo walioona kuwa hiyo ilikuwa nafasi kwa kahawa ya Afrika. Nafasi hiyo ilikuwapo, lakini ililetwa na saini moja na ingeweza kuondolewa na saini nyingine. Si busara kupanga bajeti ya kaya au ya chama cha ushirika kwa kuitegemea.

Kwa upande wa Ulaya, ambako kahawa yetu nyingi huuzwa, Umoja wa Ulaya umetunga kanuni inayozuia kuingizwa kwa kahawa, kakao na bidhaa nyingine zilizozalishwa katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba, 2020. Baada ya kuahirishwa kwa mwaka mmoja, kwa ratiba iliyokuwapo mwezi Agosti 2025 kanuni hiyo ilikuwa ianze kutumika kwa kampuni kubwa tarehe 30 Desemba, 2025. Kahawa ya Machame hulimwa katika vihamba vilivyokuwapo kabla ya vizazi vilivyopo sasa, chini ya kivuli cha miti na migomba, hivyo tatizo la mkulima wa hapa si kufyeka msitu. Tatizo ni kuthibitisha kuwa hakufyeka. Kila shamba linatakiwa kuwa na alama ya mahali lilipo kwa mfumo wa setilaiti, na kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja inatosha. Mkulima mwenye robo ya hekta asiyeandikishwa anaweza kukosa soko kwa sababu ya karatasi, ilhali shamba lake ni safi kuliko mengi duniani.

Hatari ya tatu ni kupungua kwa misaada sambamba na kupanda kwa gharama za mikopo. Shirika la Misaada la Marekani (USAID) lilisitisha shughuli zake rasmi tarehe 1 Julai, 2025, na nchi kadhaa za Ulaya nazo zimepunguza bajeti zao za misaada. Sekta ya afya katika nchi nyingi za Afrika ndiyo iliyoguswa kwanza. Wakati huohuo madeni yameelemea baadhi ya mataifa: Zambia ilishindwa kulipa mwaka 2020, Ghana mwaka 2022 na Ethiopia mwaka 2023. Serikali ya Tanzania imeendelea kukopa kwa tahadhari, na tathmini zinaonesha kuwa deni ni himilivu na liko chini ya ukomo wa kimataifa wa asilimia 55 ya Pato la Taifa kwa thamani ya sasa. Pamoja na hayo, deni la Serikali limevuka Shilingi trilioni 107, na sehemu kubwa yake ni ya fedha za kigeni. Uhimilivu wake unategemea nchi kuendelea kuzipata fedha hizo kwa kuuza bidhaa na huduma nje, jambo linaloturudisha kwenye hatari ya kwanza.

Hatari ya nne ni mabadiliko ya tabianchi. Asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo Mlima Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa imetoweka ilipofika mwaka 2007. Kwa maisha ya wananchi wa miteremkoni, hata hivyo, msitu una uzito mkubwa kuliko barafu, kwa kuwa ndio unaokusanya mvua na ukungu na kulisha mito ya Weruweru na Kikafu, mifongo ya vijijini na hatimaye Bonde la Mto Pangani lenye mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na New Pangani. Kwa upande wa kahawa, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulihusisha kupanda kwa joto la usiku kwa nyuzi 1 ya Selsiasi na upungufu wa takriban kilo 137 za Arabika kwa hekta nchini Tanzania. Kwa mkulima mdogo huo si upungufu wa kupuuzwa.

Hatari ya tano ni misukosuko ya usafiri na usalama duniani. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa mwaka 2023 yamezilazimu meli nyingi kuizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na hivyo kuongeza siku na gharama za kufikisha mizigo Ulaya. Vita vya siku 12 kati ya Israel na Iran mwezi Juni mwaka huu vilipandisha bei ya mafuta kwa muda mfupi. Utalii nao una kumbukumbu yake: watalii wa kimataifa nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, wakashuka hadi 620,867 mwaka 2020 kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19. Mwaka 2024 walifikia 2,141,895, mafanikio makubwa kwa vyovyote vile. Wapagazi, wapishi na waongoza watalii wanaopandia lango la Machame wanajua pande zote mbili za takwimu hizo.

Kinga zilizopo na mipaka yake

Serikali haijakaa ikisubiri. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilianza mwezi Januari 2024 kutumia mfumo wa sera ya fedha unaotumia riba. Riba ya Benki Kuu, iliyopandishwa hadi asilimia 6 mwezi Aprili 2024 wakati shilingi ikiwa katika shinikizo, ilishushwa hadi asilimia 5.75 mwezi Julai mwaka huu baada ya hali kutengemaa. Wauzaji wa dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kuuzwa nchini, na BoT imekuwa ikinunua dhahabu hiyo kwa shilingi. Hatua hii ni mfano mzuri wa kutumia bei nzuri kujenga akiba badala ya kuiacha ipite. Aidha, kanuni zilizotangazwa mwezi Machi mwaka huu zimepiga marufuku kutoza bei kwa fedha za kigeni katika miamala ya ndani ya nchi. Akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa na huduma kwa zaidi ya miezi 4, ambayo ni juu ya lengo la nchi.

Katika mapato ya ndani, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilikusanya Shilingi trilioni 32.26 katika mwaka wa fedha 2024/25. Kila shilingi inayokusanywa nyumbani inapunguza uzito wa uamuzi unaofanywa katika miji mikuu ya nchi wahisani. Katika nishati, mitambo yote 9 ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 imekamilika, na umeme wa uhakika ni sharti la kwanza la kiwanda chochote, kikiwemo cha kukaanga na kusaga kahawa.

Katika kilimo, ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 imeambatana na usajili wa wakulima kwa mfumo wa kidijiti, na usajili huo unaweza kuwa msingi wa uthibitisho unaotakiwa na soko la Ulaya. TaCRI imetoa aina bora za Arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na miche yake inazalishwa na kusambazwa kwa ushirikiano na halmashauri na vyama vya msingi (AMCOS). Mwezi Februari mwaka huu Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Tatu wa nchi 25 za Afrika zinazozalisha kahawa, ambao ulisisitiza kuongeza thamani ya zao hilo barani Afrika. Ethiopia, ambako takriban nusu ya kahawa inayovunwa hunywewa na wananchi wenyewe, ni ushahidi kuwa soko la ndani ni kinga ya kweli dhidi ya soko la nje. Watanzania bado wananywa sehemu ndogo sana ya kahawa yao.

Pamoja na hatua hizo, inafaa kuutazama ukubwa wa kazi bila kuupunguza. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan tarehe 17 Julai, 2025 jijini Dodoma, inalenga uchumi wa dola trilioni 1 na kipato cha wastani wa dola 7,000 kwa mtu ifikapo mwaka 2050. Uchumi wa sasa ni takriban dola bilioni 80. Ukikua kwa asilimia 6 kila mwaka kwa miaka 25, utaongezeka mara 4.3 tu. Hata baada ya kuzingatia kuwa thamani ya dola yenyewe hubadilika kadiri miaka inavyopita, lengo hilo linahitaji kasi kubwa kuliko ya sasa, tena isiyokatizwa na maanguko. Nchi inayopoteza miaka mitatu katika kila kumi kwa sababu ya bei kuporomoka haitafika kwa wakati, hata kama miaka yake saba iliyobaki ni ya mafanikio.

Kihamba kama mpango wa uchumi

Wazee wa Kichagga waliupanga uchumi wa kaya kwa namna ambayo wachumi wa leo wanaihimiza kwa mataifa. Katika kihamba kimoja migomba hutoa chakula mwaka mzima, kahawa huleta fedha kwa msimu, ng'ombe wa zizini hutoa maziwa na samadi, na miti mirefu hutoa kivuli, kuni na mbao. Zao moja likiyumba, mengine hubaki. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) limeutambua mfumo wa vihamba, kupitia eneo la Shimbwe Juu katika Wilaya ya Moshi, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

Kaya zilizohimili miaka migumu baada ya 1989 ni zile ambazo kahawa ilikuwa chanzo kimojawapo cha fedha kati ya kadhaa. Taifa nalo linahitaji mpangilio wa namna hiyo: dhahabu ikiyumba, utalii usimame, utalii ukiyumba, viwanda na mazao ya chakula yabebe, na majirani wa Afrika Mashariki wawe soko la kwanza badala ya la mwisho. Huo ndio msingi wa hoja ya kuongeza thamani na kupanua biashara kati ya nchi za Afrika.

Kazi ya msimu huu

Kwa kuzingatia hayo yote, msimu wa kahawa wa mwaka huu una kazi nne za wazi. Kwanza, mkulima aliyepata fedha nzuri zaidi kuliko misimu iliyopita atenge sehemu yake kwa kung'oa mibuni iliyochoka na kupanda miche bora, kwani hakuna wakati ambao kazi hiyo ni nafuu kuliko wakati wa bei nzuri. Pili, AMCOS zihakikishe kila mwanachama ameandikishwa na shamba lake limewekewa alama ya mahali lilipo mapema, bila kusubiri tangazo la kuahirishwa tena kwa kanuni za Ulaya. Tatu, halmashauri ziendelee kulinda vyanzo vya maji na kukarabati mifongo, kwa kuwa mbuni mpya bila maji hauna maisha. Nne, vijana wenye elimu watazame biashara ya kukaanga, kusaga, kufungasha na kuuza kahawa katika miji yetu na kwa watalii wanaopita Moshi kila siku, eneo ambalo bado lina wafanyabiashara wachache.

Serikali kwa upande wake ina wajibu unaolingana na huo kwa kiwango cha taifa: kuweka akiba wakati dhahabu iko juu, kuelekeza mikopo kwenye miradi inayoingiza fedha za kigeni, kukusanya kodi kwa haki na kuwapatia wananchi taarifa sahihi za masoko kwa wakati. Mkulima anayejua kuwa bei ya New York imeshuka anaweza kupanga. Asiyejua atadhani ameibiwa, na pengine atang'oa mti ambao angeuhitaji baadaye.

Mbuni utakaopandwa katika mvua za vuli za mwaka huu utaanza kuzaa mwaka 2028. Bei ya mwaka huo haijulikani Machame, Dodoma wala New York. Kinachojulikana ni kwamba mti mpya wenye afya humpa mkulima mavuno mengi zaidi kwa gharama ndogo zaidi kuliko mti uliochoka, na kwamba mwenye mavuno hayo anaweza kuvumilia bei ambayo ingemfilisi jirani yake. Fedha za kuununua mche huo zipo mwaka huu.